Picard kwa mpenzi wa muziki wa dansi: programu nzuri inayodhani kila wimbo una albamu

Kabla sijaanza kazi hii, msanii aliyekuwa na nyimbo nyingi kuliko wote katika kompyuta yangu hakuwa bendi wala mwimbaji, bali tovuti ya kupakulia nyimbo. Ilikuwa imeandika anwani yake kila mahali penye nafasi: kwenye jina la msanii, kwenye jina la albamu, mwishoni mwa jina la wimbo, na hata kwenye picha ya jalada, ambapo badala ya sura ya mwimbaji ulikutana na nembo ya tovuti na tangazo lake. Nafasi ya pili ilishikwa na msanii asiyejulikana, kwa sababu kaseti za marehemu baba zilihamishiwa kwenye kompyuta na fundi mmoja wa Sinza ambaye aliishughulikia sauti kwa uangalifu mkubwa, lakini akaziacha faili na namba tu, 01 hadi 06 upande wa kwanza na 01 hadi 06 upande wa pili. Ukijumlisha na zile nilizokuwa nikijaziwa kwenye flashi Kariakoo enzi zile, nilikuwa na faili zipatazo elfu sita katika diski mbili za nje, na kuupata wimbo mmoja niliouhitaji ilikuwa kazi ya jioni nzima.

Programu niliyoitumia kuzipanga kwa miezi minne inaitwa MusicBrainz Picard. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuuona, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Yenyewe haina ujuzi wowote wa muziki. Ujuzi wake wote unatoka katika MusicBrainz, orodha kubwa ya wasanii, albamu na nyimbo inayojazwa na watu wa kujitolea kama Wikipedia inavyojazwa, chini ya usimamizi wa taasisi isiyo ya kibiashara ya nchini Marekani. Nieleze mapema kwamba nitaendelea kuitumia, na kwamba kwa sehemu ile ya maktaba ninayoipenda zaidi haikunisaidia kitu mpaka nilipoacha kuitii.

Ndani ya faili ya MP3, mbali na sauti yenyewe, kuna sehemu ndogo ya maandishi inayobeba jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, aina ya muziki na namba ya wimbo katika albamu. Mafundi huiita tagi. Mfumo uliozoeleka, uitwao ID3, ulianza mwaka 1996 kwa kubandika baiti 128 mwishoni mwa faili, na katika baiti hizo jina la wimbo, la msanii na la albamu yalipewa herufi 30 kila moja, basi. Ukiandika Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, herufi ya 30 inaangukia mwisho kabisa wa neno Super, na Matimila yote inabaki nje ya mlango. Mfumo uliofuata mwaka 1998 uliondoa ukomo huo, nao una matoleo yake: Picard huandika toleo la 2.4 usipoiagiza vinginevyo, wakati redio ya gari langu, gari lililokuja likiwa limetumika kutoka Japani, haielewi zaidi ya toleo la 2.3. Kwa wiki nzima nilidhani nimeharibu faili zote, kwa kuwa kwenye kompyuta majina yalisomeka vizuri na kwenye gari palikuwa patupu. Dawa yake ilikuwa kuingia katika mipangilio, kuchagua 2.3 na kuhifadhi upya. Anayesikiliza muziki garini aanze hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Dirisha la Picard limegawanyika pande mbili: kushoto zinakaa faili zako, kulia zinakaa albamu zilizopatikana katika orodha. Ukishaburuta folda upande wa kushoto, una njia mbili. Ya kwanza ni kuzikusanya faili katika mafungu kwa kufuata tagi zilizokuwamo, halafu kulitafuta kila fungu kama albamu nzima. Ya pili ni kuiskani sauti: programu inachambua sekunde 120 za mwanzo za wimbo, inatengeneza alama yake, kama alama za vidole tulizochukuliwa wakati wa kusajili laini za simu, kisha inailinganisha na alama zilizohifadhiwa na huduma iitwayo AcoustID. Wimbo wenyewe hautumwi popote. Kinachosafiri ni ile alama, jambo linalomfaa mtu anayenunua bando la siku. Faili iliyopata mwenzake hupewa rangi, kuanzia kijani kwa inayofanana sana hadi nyekundu kwa inayotia shaka, na albamu iliyotimiza nyimbo zake zote huonyeshwa kwa picha ya santuri ya dhahabu, ambayo nakiri kwamba mtu mzima anaweza kuifukuzia mpaka saa nane usiku.

Kosa langu la kwanza lilitokana na tamaa. Kwa kuwa faili nyingi hazikuwa na tagi za kuaminika, niliona kuskani ndiyo njia ya mkato, nikaburuta folda ya nyimbo mia nne za rumba ya Kongo na reggae, nikaskani na kuhifadhi bila kukagua, huku nikiwa nimewasha chaguo la kubadili majina ya faili na lile la kuzihamishia kwenye folda mpya. Asubuhi yake albamu moja ya nyimbo kumi ilikuwa imesambaa katika folda saba. Programu haikuwa na kosa: rekodi ileile inaweza kuwamo katika albamu yake ya asili, katika mkusanyo wa nyimbo bora za msanii, na katika mikusanyo mingine mitatu ya wasanii mbalimbali, na alama ya sauti peke yake haiwezi kujua wewe uliutoa wimbo wapi. Mwongozo unashauri wazi kuanza kwa kukusanya mafungu na kuiacha njia ya kuskani kwa ajili ya mabaki. Mimi niliusoma baadaye, kama ilivyo desturi yetu na miongozo. Kilichoniokoa ni nakala ya diski niliyokuwa nimeiweka kwa shemeji yangu Mbagala. Tangu siku hiyo nimezima chaguo la kuhamisha faili, na huliwasha tu kwa fungu ambalo nimelikagua wimbo kwa wimbo.

Baada ya somo hilo, muziki wa nje ulikwenda kwa kasi. Albamu za Kongo zilizotolewa kwenye CD, reggae, muziki wa Afrika Kusini, hata bongo fleva ya miaka ya karibuni iliyotolewa rasmi mtandaoni: unakusanya, unatafuta, unakagua, unahifadhi, na majina ya tovuti yanafutika kama hayajawahi kuwapo, ilimradi uchague kufuta tagi za zamani kwanza. Kwa kazi ya namna hii sijui programu ya bure inayoishinda.

Mambo yanageuka unapoingiza muziki wa dansi. Picard, pamoja na orodha iliyo nyuma yake, imejengwa juu ya wazo kwamba wimbo hutoka ndani ya toleo fulani, yaani albamu au santuri yenye jina, tarehe, nchi na kampuni iliyoitoa. Muziki mwingi wa bendi zetu wa miaka ya 1960, 1970 na 1980 haukuishi hivyo. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi kwa ajili ya kurushwa hewani, mkanda ukabaki kwenye rafu za redio, na sisi tukaupokea wimbo kwa sikio. Zile zilizofika kwenye santuri mara nyingi zilipitia Kenya, kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo kwa ufinyu wake ziliukata wimbo mrefu vipande viwili: uimbaji upande wa kwanza, na chemko, pale magitaa na matarumbeta yanapopamba moto, upande wa pili. Baba na wenzake waliweka kaseti tupu kwenye redio na kubonyeza kitufe cha kurekodi mtangazaji alipofunga mdomo, au kabla hajaufunga. Albamu ya wimbo kama huo ni ipi?

Unapoiuliza Picard swali hilo, inafanya jambo ambalo kwa mwenye haraka linaonekana kuwa mafanikio. Inaikuta rekodi hiyohiyo katika mkusanyo uliotolewa Ulaya miaka mingi baadaye, inaipaka rangi ya kijani, na kuandika jina la mkusanyo huo pamoja na mwaka wake. Wimbo wa bendi iliyovunjika kabla sijaanza shule unageuka kuwa wa mwaka 2007, unapata jalada lililochorwa na mbunifu wa Ulaya, na ukipanga maktaba kwa miaka unauona umekaa jirani na bongo fleva. Programu inaandika tarehe mbili, ya toleo hili na ya toleo la asili, lakini kwa mkusanyo "asili" maana yake ni siku mkusanyo ulipotoka kwa mara ya kwanza, si siku bendi iliposimama mbele ya kipaza sauti. Mbaya zaidi, faili yangu haikutoka kwenye mkusanyo huo: imetoka kwenye kaseti ya baba, yenye kikohozi cha mtangazaji mwanzoni. Kuiandika kuwa ni ya CD ya Ulaya ni kuandika uongo nadhifu.

Nilichofanya ni kuikubali kaseti kuwa albamu. Kila kaseti ya baba imepewa namba, jina lake ni lile aliloliandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya ndani, msanii wa albamu ni wasanii mbalimbali, na nafasi ya mwaka inabaki tupu pale nisipoujua. Picard inaruhusu haya yote. Unaweza kuandika tagi kwa mkono bila kuwa na intaneti, na unaweza hata kubuni tagi zako; mimi nimebuni moja ya upande wa kaseti na nyingine ya studio. Pia orodha ya MusicBrainz ina mahali pa rekodi zinazojitegemea, zisizo na toleo lolote, na Picard inazitambua na kuzitenga katika fungu lao. Mahali hapo ndipo rekodi za redio zinapostahili kukaa, ingawa programu haikuelekezi huko. Ni mlango wa uani ambao mgeni haonyeshwi.

Majina ya bendi ni kesi nyingine ndefu. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilifuata majina ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa mpenzi wa Msondo hiyo ni bendi moja. Kwa kompyuta ni wasanii wanne wasiofahamiana. MusicBrainz inatofautisha jina sanifu la msanii na jina lililoandikwa kwenye toleo husika, na katika mipangilio ya Picard unachagua lipi liandikwe. Nilianza na jina sanifu kwa sababu linaleta unadhifu, nikaacha baada ya siku chache: wimbo uliotangazwa kuwa wa NUTA unapoteza zama zake ukiuandika kwa jina la baadaye. Sasa msanii anabaki kama alivyotangazwa wakati ule, na jina Msondo Ngoma linakaa katika tagi ya kundi, ili nikitaka kuwasikiliza wote kwa mfululizo niweze.

Tagi ambayo sikuitarajia kuipenda ni ya waimbaji na wapigaji. Ukiwasha chaguo la mahusiano, programu huleta majina ya walioimba, waliopiga na waliotunga, pale ambapo mtu amekwisha kuyaandika katika orodha. Pale ambapo hajaandika, unajaza mwenyewe. Katika muziki wetu hii ndiyo tagi yenye uzito, kwa kuwa wanamuziki walihama. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, yaani Sikinde, mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Ukipanga kwa bendi unampata vipande vipande. Ukipanga kwa mwimbaji unaisikia sauti moja ikipita katika mitindo ya bendi tatu, na ubishi wa vijiweni kati ya Sikinde na Msondo unapata ushahidi mpya, kwa pande zote mbili.

Madogo mawili yanaudhi. La kwanza ni desturi ya orodha za Kizungu ya kumpanga mtu kwa jina la mwisho, ambayo Picard huifuata katika tagi ya mpangilio wa herufi. Kwa Ongala au Rajab haina madhara, lakini ukimpanga Siti binti Saad chini ya S ya Saad umempanga baba yake, na Bi Kidude sijui umpange chini ya nini ikiwa si Bi Kidude. La pili ni herufi kubwa: kuna agizo katika lugha ya maagizo ya Picard linalotia herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, na ukilitumia kwa Kiswahili unapata "Ya", "Wa" na "La" zilizovimba katikati ya majina ya nyimbo. Usilitumie.

Aina ya muziki ina historia ya kuchekesha. Orodha ya kwanza ya ID3 ilikuwa na aina 80 zilizopewa namba; taarabu haimo, dansi haimo, na kitu cha karibu kilichokuwapo kwa ajili yetu ni namba 48, "Ethnic", neno linalotosha kuuzika muziki wa nusu ya dunia. Namba 3 ni "Dance", na nyingi kati ya faili nilizojaziwa Kariakoo zilikuwa na namba hiyo. Nadhani mtu alisikia "muziki wa dansi" akachagua lililofanana kwa sauti, na hivyo Mlimani Park ikajikuta katika fungu moja na muziki wa disko. Mifumo ya sasa inakubali neno lolote, kwa hiyo nimeandika dansi, taarabu, mchiriku na kadhalika kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua Jumapili mbili, na imenipa raha kuliko santuri zote za dhahabu.

Kuhusu gharama za intaneti, programu ina adabu. Inaulizia orodha kwa mwendo wa swali moja kwa sekunde, kwa kuwa seva za MusicBrainz zinatumiwa na watu wengi bila malipo, na ndiyo sababu nyingine ya kutafuta kwa mafungu badala ya faili mojamoja. Kinachokula bando ni picha za majalada. Ukiacha zije kwa ukubwa wake kamili, albamu moja inaweza kuleta picha nzito kuliko wimbo wenyewe. Mipangilio inakuruhusu kuchagua pikseli 250, 500 au 1200, na kwa simu na redio ya gari 500 zinatosha kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unachopoteza ni ulinganisho ambao hukuuhifadhi, kwa hiyo hifadhi kila fungu linapokamilika.

Kwa mtu ambaye maktaba yake yote ni ya kaseti na rekodi za redio, na hana albamu rasmi hata moja, ningemwelekeza kwanza kwenye Mp3tag, programu ya Kijerumani iliyo ya bure kwenye Windows, ingawa ya Mac inauzwa. Hiyo inaonyesha faili katika jedwali kama daftari la mahudhurio, unachagua faili thelathini na kuzibadilisha kwa pamoja, na haikushawishi kuamini kwamba kila wimbo una albamu. Mimi natumia zote mbili: Picard kwa vilivyochapishwa, Mp3tag kwa kaseti.

Baada ya miezi minne, faili zipatazo elfu nne na mia tano zimepangwa. Kati ya zilizobaki kuna kaseti kumi na moja ambazo karatasi zake za ndani zililiwa na mchwa, na katika hizo nimeanza kazi ya upande wa pili wa kaunta: nimefungua akaunti MusicBrainz, na pale ninapoutambua wimbo kwa hakika naandika rekodi yenyewe, bendi kwa jina lake la wakati ule na mwimbaji. Mabadiliko yanayogusa taarifa zilizokwishaandikwa na wengine huweza kusubiri siku 7 ili wachangiaji wapige kura. Badiliko langu la kwanza, la jina la bendi, lilipata swali kutoka kwa mchangiaji mmoja aliyetaka kujua nimelithibitisha vipi, nami nikamjibu kwamba mtangazaji analitaja mwenyewe, sekunde nne kabla magitaa hayajaanza.